Kwa Nini Maandishi Marefu Hupotea Yanaponakiliwa kwa Makro

Mwenzangu mmoja wa kazini alinijia ameshika tama. Alikuwa na lahajedwali lenye majibu ya dodoso, mengi yakiwa aya nzima na machache yakifika kurasa mbili, na alitakiwa kuyahamisha kutoka laha moja hadi nyingine. Kwa kuwa majibu yalikuwa mamia, alirekodi makro ili kompyuta imfanyie kazi hiyo. Makro ilikwenda hadi mwisho bila kulalamika, lakini alipoifungua laha mpya alikuta jibu la mtu wa kwanza limeandikwa katika kila seli, neno kwa neno. Akajaribu makro nyingine aliyopewa na rafiki yake, na safari hii baadhi ya seli zikajaa alama za reli (####), huku nyingine zikionyesha nusu tu ya jibu. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba lahajedwali halifai kabisa kwa maandishi marefu.

Imani hiyo nimeisikia kwa watu wengi, na kila mmoja huja na namba yake. Yupo asemaye kwamba seli haibebi zaidi ya herufi 255, yupo anayetaja 911, na yupo anayeapa kwamba mwisho ni 1,024. Namba zote hizo ni za kweli mahali fulani, lakini hakuna hata moja iliyo kipimo cha seli. Karibu kila mara maandishi yenyewe yamo salama katika seli ya kwanza, nayo hupotea njiani kwa sababu makro imeagizwa kuchukua kitu kingine kinachofanana nayo, au kwa sababu yamepitishwa kwenye mlango mwembamba wakati mlango mpana ulikuwa wazi.

Tuanze na maneno yenyewe. Lahajedwali ni programu inayougawa ukurasa katika safu za wima na safu za mlalo, na pale safu ya wima inapokutana na ya mlalo ndipo panapopatikana seli. Laha ni ukurasa mmoja wa namna hiyo, na faili moja huweza kuwa na laha nyingi. Makro ni orodha ya maagizo ambayo programu huyatekeleza yenyewe, kwa mpangilio ule ule, kila inapoitwa. Katika Excel, ambayo ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, maagizo hayo huandikwa kwa lugha ya Visual Basic for Applications, iliyoingizwa katika programu hiyo mwaka 1993 pamoja na toleo la 5. Ninaposema herufi, nahesabu kama kompyuta inavyohesabu: kila nukta, kila nafasi tupu na kila mwisho wa mstari ni herufi moja.

Neno linalobaki ni kunakili, na hapo ndipo penye utata wote, kwa sababu ndani ya seli mna vitu zaidi ya kimoja vinavyoweza kunakiliwa.

Ichukulie seli kuwa ni bahasha yenye dirisha, zile bahasha za barua rasmi zenye uwazi mdogo upande wa mbele unaoonyesha jina na anwani. Ndani yake kuna barua, yaani maandishi yaliyohifadhiwa. Mbele kuna dirisha, yaani kile kinachoonekana kwenye skrini, ambacho huenda kikawa mistari miwili tu ya barua ndefu. Halafu kuna bahasha yenyewe na mapambo yake: rangi, aina ya mwandiko, mipaka, na agizo la kwamba kilichomo kisomwe kama namba, tarehe au maandishi. Wakati mwingine ndani hamna barua kabisa, bali kuna kikaratasi kinachosema, “nenda kachukue barua iliyo katika bahasha C2.” Kikaratasi hicho ndicho fomula. Mtu anayetazama kutoka nje hawezi kuitofautisha bahasha yenye barua na ile yenye kikaratasi, kwa sababu dirishani zote mbili huonyesha maneno yale yale.

Sasa tuirudie makro ya kwanza ya mwenzangu. Alikuwa amewasha kirekodi, yaani chombo cha Excel kinachogeuza vitendo vya mtu kuwa makro, akabonyeza F2 ili kuingia ndani ya seli, akayachagua maandishi yote, akayanakili, akaenda kwenye seli ya pili na kuyabandika ndani yake. Kwa macho ya binadamu hicho ni kitendo cha kunakili. Kirekodi, hata hivyo, hakioni kinachofanyika wakati mtu yumo ndani ya seli akihariri. Kinachoona ni matokeo tu, yaani kwamba seli ya pili imeandikwa maneno fulani. Kwa hiyo kilichorekodiwa kilikuwa na sura hii:

ActiveCell.FormulaR1C1 = "Huduma ilichelewa kwa siku tatu, na nilipouliza sababu..."

Maneno ya jibu la kwanza yalikuwa yamegandishwa ndani ya makro yenyewe. Hakuna agizo lolote hapo linalosema “chukua kilichomo katika seli ile”. Lililopo linasema “andika maneno haya,” na makro ikayaandika kwa utiifu mara mia kadhaa. Ni sawa na kumtuma mtu akachukue barua za watu wote, naye akakariri barua ya kwanza kisha akawa anaiandika upya katika kila bahasha. Kwa maandishi marefu njia hii ina kasoro nyingine pia: mstari mmoja wa msimbo katika lugha hiyo hauzidi herufi 1,023, na agizo moja haliwezi kuendelezwa kwenye mistari ya ziada zaidi ya mara 24, kwa hiyo jibu la kurasa kadhaa huigomesha makro kabla haijaanza kazi. Anayetaka kutumia kirekodi na aichague seli nzima bila kuingia ndani yake, ainakili, kisha aibandike akiwa amechagua seli nzima ya kupokelea. Hapo kirekodi kitaandika agizo la kunakili, ingawa hata hilo kwa kawaida litafungwa kwenye seli zile zile alizozigusa mpaka mtu aihariri makro kwa mkono.

Kabla ya kufika kwenye njia iliyo bora, inafaa tuzipangue zile namba, kwa maana ndizo zinazowapotosha watu.

Seli moja ya Excel hubeba hadi herufi 32,767. Hicho ndicho kipimo cha barua inayoweza kuingia katika bahasha, na ni maandishi ya kurasa kadhaa. Namba hiyo huonekana ya ajabu kwa kuwa sisi huhesabu kwa makumi, ilhali kompyuta huhesabu kwa mbilimbili. Fikiria fomu yenye visanduku vitatu vya kujazia umri: hata ungeishi miaka elfu moja, fomu hiyo haiwezi kuandika zaidi ya 999. Kompyuta nayo hutenga visanduku vya kuhifadhia hesabu, kila kimoja kikiwa na sifuri au moja. Visanduku 8 huishia 255, na visanduku 15 huishia 32,767. Ndiyo maana namba hizi mbili hujitokeza tena na tena katika programu zilizobuniwa zamani.

Namba 255 ni ya milango kadhaa iliyo kando ya seli. Fomula haikubali maneno yaliyoandikwa moja kwa moja kati ya alama za kunukuu yakizidi herufi 255, ingawa fomula inayoelekeza kwenye seli nyingine, kama vile =C2, huleta maandishi yote hata yakiwa maelfu ya herufi. Fomula ya MATCH, ambayo hutafuta maneno fulani katika orodha ya seli, hurudisha kosa ikipewa maneno ya kutafuta yaliyozidi kiasi hicho, kwa hiyo makro inayolinganisha majibu marefu kwa kutumia MATCH itakwama hata kama unakili wenyewe ni sahihi. Na katika Excel 2003 na matoleo yaliyoitangulia, mtu alipoinakili laha nzima badala ya kunakili seli, kila seli iliyokuwa na zaidi ya herufi 255 ilikatwa ikabaki na 255. Matoleo ya tangu 2007 hayafanyi hivyo, lakini onyo la zamani limeendelea kupita mdomo kwa mdomo.

Namba 1,024 ilikuwa ya dirisha. Katika matoleo hayo ya zamani, seli ilionyesha herufi 1,024 za kwanza tu, huku upau wa fomula, ule ulio juu ya laha, ukiyaonyesha maandishi yote. Nayo 911 ilikuwa ya makro: katika Excel 2003, makro iliyoandika kundi zima la thamani kwenye seli nyingi kwa mkupuo ilishindwa ikiwa hata thamani moja katika kundi ilizidi herufi 911. Ukikutana na makro ya zamani inayozungukia seli moja baada ya nyingine kwa uvumilivu wa ajabu, yawezekana mwandishi wake alikuwa akiukwepa mpaka huo, hivyo usiharakishe kumwona mzembe.

Sasa njia zenyewe. Makro inaweza kuichukua seli kwa namna tatu, na kila namna inachukua kitu tofauti katika ile bahasha.

Namna ya kwanza ni kusoma sifa iitwayo Text. Jina lake linavutia, kwa kuwa mtu anayetaka maandishi huona ndilo lenyewe, na hapo ndipo makro ya pili ya mwenzangu ilipokwenda mrama. Text husoma kinachoonekana dirishani. Safu ya wima ikiwa nyembamba kiasi kwamba tarehe imegeuka kuwa alama za reli, Text huleta alama hizo hizo za reli kana kwamba ndizo zilizohifadhiwa. Katika matoleo ya zamani, hata maneno ya kawaida yaliyozidi herufi 255 yaligeuka alama za reli yakiwa katika seli iliyopangwa kusomwa kama maandishi. Text ni picha ya bahasha iliyopigwa kutoka nje, na picha haiwezi kuwa barua.

Namna ya pili ni kusoma Value, yaani kufungua bahasha na kutoa barua. Hii ndiyo njia pana. Haipiti kwenye ubao wa kunakilia, yaani hifadhi ya muda ya kitu kilichonakiliwa, haijali upana wa safu, na kama seli ina fomula, hutoa matokeo yake yakiwa maneno kamili. Kuna pia Value2, ambayo hutofautiana nayo katika tarehe na fedha tu. Kwa maandishi hazina tofauti.

Namna ya tatu ni agizo la Copy, ambalo hubeba bahasha nzima pamoja na mapambo yake. Likihitajika neno moja ndani ya aya libaki na wino mzito au rangi nyekundu, hakuna budi kutumia hili, kwa sababu Value huacha mapambo ya neno mojamoja. Lakini Copy hubeba pia kile kikaratasi cha fomula, na fomula ikinakiliwa mahali pengine hubadilisha inakoelekea: iliyokuwa ikisoma C2 huenda ikaanza kusoma D9, na seli ikaonyesha jibu la mtu mwingine kabisa. Kosa hili ni baya kuliko kukatika kwa maneno, kwani jibu linaonekana kamili na halina dalili yoyote ya ugonjwa.

Kwa kazi kama ya mwenzangu, makro inayotosha kuhamisha jibu moja ni fupi:

Sub NakiliMaelezo()
    Dim chanzo As Range, lengo As Range
    Set chanzo = Worksheets("Majibu").Range("C2")
    Set lengo = Worksheets("Ripoti").Range("B2")
    lengo.Value = chanzo.Value
    If Len(lengo.Value) <> Len(chanzo.Value) Then
        MsgBox "Maandishi hayakufika yote."
    End If
End Sub

Mstari unaofanya kazi ni ule wa katikati, na unasomeka kutoka kulia kwenda kushoto: thamani ya chanzo iwe thamani ya lengo. Baada yake makro inapima. Len huhesabu herufi, na kama hesabu ya upande mmoja haikulingana na ya upande wa pili, mtu anaarifiwa papo hapo. Mimi naiona mistari hiyo ya kupima kuwa na uzito kuliko ule wa kunakili, kwa sababu lahajedwali lina tabia ya kupoteza vitu kimyakimya.

Ukimya huo una mfano unaojulikana duniani. Mnamo Oktoba 2020, taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilitangaza kwamba watu 15,841 waliokutwa na virusi vya korona kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuingia katika takwimu za kila siku. Matokeo ya vipimo yalikuwa yakipakiwa katika faili za Excel za muundo wa zamani, ambao laha yake haina zaidi ya safu mlalo 65,536, wakati muundo wa tangu 2007 una 1,048,576. Safu zilizozidi ziliachwa nje, na kazi ikaendelea. Kilichopotea huko kilikuwa safu na si maneno ndani ya seli, lakini ugonjwa ni ule ule: mpaka ulivukwa na hakuna aliyekuwa amewekwa mlangoni kuhesabu kilichoingia na kilichotoka.

Ukimya wa namna hiyo unawangoja hata wanaonakili seli nyingi kwa mkupuo. Agizo lile lile la Value huweza kubeba eneo zima, kwa mfano C2 hadi C400, kwa mstari mmoja na kwa kasi kubwa kuliko kuzungukia seli mojamoja. Sharti lake ni kwamba eneo la kupokelea liwe na ukubwa ule ule. Likiwa kubwa zaidi, seli za ziada hujazwa #N/A, ambayo ni alama ya kosa, na hilo angalau linaonekana. Likiwa dogo, majibu yasiyopata nafasi huachwa bila neno lolote. Na likiwa seli moja tu, hupokelewa jibu la kwanza peke yake. Nimeona watu wakiulaumu urefu wa maandishi kwa kosa ambalo kwa kweli lilikuwa la kuandika B39 badala ya B399.

Kuna mtego mwingine, nao uko mwanzoni mwa maandishi. Makro inapoandika Value katika seli, Excel huyasoma maneno hayo karibu kama vile mtu ameyachapa kwa kibodi. Aya inayoanza na alama ya sawasawa itachukuliwa kuwa ni fomula, na kwa kuwa si fomula, makro itasimama na kutoa kosa namba 1004. Hutokea mara nyingi kwa watu wanaopamba vichwa vya habari kwa safu ya alama za sawasawa. Namba ya kumbukumbu 0012 iliyohifadhiwa kama maandishi itafika ikiwa 12, na namba yenye tarakimu zaidi ya 15 itafika na sifuri mwishoni mahali pa tarakimu zake halisi. Dawa ni kuitayarisha seli ya kupokelea kabla ya kuiandikia, kwa kuiambia kwamba kitakachoingia ni maandishi:

lengo.NumberFormat = "@"

Mstari huo ukitangulia, alama ya sawasawa hubaki alama na 0012 hubaki 0012. Anayelazimika kutumia Excel ya zamani akumbuke zile alama za reli nilizozitaja. Huko ni afadhali kuweka mkato wa juu (') mbele ya aya zenye matatizo peke yake, na kuziacha nyingine katika mpangilio wa kawaida.

Mara nyingi pia maandishi huwa yamefika yote na mtu asijue. Safu mlalo haiwezi kurefuka kupita pointi 409, ambazo ni takriban sentimita 14, kwa hiyo aya ndefu katika safu nyembamba itaonekana imekatwa chini hata kama haikupungua herufi moja. Katika seli zilizounganishwa, safu haijirefushi yenyewe kuyafuata maandishi, na hapo aya ya mistari kumi huweza kuonyesha mstari mmoja. Aya zilizotenganishwa kwa mwisho wa mstari nazo huonekana zimeshikana ikiwa seli haijaamriwa kukunja maandishi. Kabla ya kuilaumu makro, andika =LEN(B2) katika seli iliyo tupu na ulinganishe na =LEN(C2) ya kule kwenye chanzo; ikiwa namba ni sawa, tatizo ni la dirisha. Anayetaka uhakika wa neno kwa neno atumie EXACT, ambayo hutofautisha hata herufi kubwa na ndogo.

Kinyume cha hayo hutokea mtu anapotumia ubao wa kunakilia kuyatoa maandishi nje ya lahajedwali. Seli yenye aya kadhaa ikinakiliwa nzima na kubandikwa katika kihariri cha maandishi ya kawaida, hufika ikiwa imezungushiwa alama za kunukuu ambazo hakuna aliyeziandika. Na aya kadhaa zikitoka nje kuja kubandikwa kwenye seli iliyochaguliwa tu, kila aya hushuka katika seli yake, mpaka mtu aingie kwanza ndani ya seli kwa F2. Makro inayotumia Value haina mambo haya, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kuipendelea.

Wako wanaohofia makro kwa ujumla, na hofu yao ina msingi, kwa kuwa makro ni programu na imewahi kutumika kueneza virusi tangu miaka ya 1990. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia, bila kungoja kuulizwa, makro zilizomo katika faili zilizotoka kwenye intaneti. Makro uliyoiandika mwenyewe katika faili yako haiguswi na zuio hilo, ila faili ihifadhiwe katika muundo wa .xlsm, kwani .xlsx haina nafasi ya kuweka makro. Jambo ambalo watu hawaambiwi vya kutosha ni kwamba makro ikishabadilisha laha, huwezi kuyatendua mabadiliko hayo kwa Ctrl na Z. Kwa hiyo nakala ya faili itengenezwe kabla ya makro kuendeshwa.

Inabaki hali ambayo maandishi kweli yanazidi seli. Hutokea makro inapounganisha majibu mengi kuwa moja, maana kigeu cha maandishi, yaani chombo cha kuyahifadhi kwa muda ndani ya makro, kinaweza kubeba takriban herufi bilioni 2, na mwandishi asipopima atakuwa amekusanya shehena isiyoingia mlangoni. Hutokea pia kwa maandishi yanayotoka Google Sheets, ambako seli moja hupokea hadi herufi 50,000. Hapo makro haina budi kuyagawa: ipime kwa Len, ichukue kipande kwa Mid, na irudi nyuma hadi kwenye nafasi tupu ya karibu ili isilikate neno katikati. Vikaragosi vya hisia vihesabiwe kwa uangalifu, kwa sababu vingi vyao huchukua nafasi ya herufi mbili au zaidi, na kikikatwa katikati hugeuka alama isiyosomeka.

Tulipoiendesha makro mpya kwenye faili ya mwenzangu, ikiwa na mistari ya kupima na seli zikiwa zimetayarishwa, ilimwonyesha seli tatu tu. Katika mbili, chanzo chenyewe kilikuwa kikaratasi cha fomula kilichoelekea kwenye laha iliyokwisha kufutwa, na hivyo hapakuwa na jibu la kunakiliwa. Ya tatu iliandikwa katika dodoso kwa vipande viwili, kila kipande katika seli yake, kwa kuwa mhojiwa alikuwa na mengi ya kusema. Jibu refu kuliko yote aliyoyahamisha siku hiyo lilikuwa na herufi 6,212, na lilifika na herufi 6,212.